Georgina na Saa ya Kunyonyesha

Saa nne asubuhi. Vidole vya Georgina Byarugaba vinapita juu ya kahawa iliyomwagwa mezani: punje nzima huku, zilizovunjika kule. Ghafla kilio cha mtoto kinasikika kutoka langoni. Georgina anajifuta mikono, anatoka mbio.

"Bosi wako kafika!" wenzake wanamtania.

Bosi ni Protase, mtoto wa miezi minne, aliyebebwa na bibi yake kutoka nyumbani, Kitendaguro. Msimamizi, Ndugu Rutashobya, anawafungulia lango mwenyewe.

Mwezi uliopita haikuwa hivyo. Katika kiwanda hiki cha kahawa mjini Bukoba, hakuna aliyeruhusiwa kutoka kunyonyesha. Georgina alisingizia kuumwa tumbo, akakimbilia nyuma ya stoo kukamua maziwa na kuyamwaga chini.

"Yalikuwa yanalowesha gauni," anasema, macho chini. "Na mwanangu nyumbani anapewa uji."

Wenzake wakambandika jina: Mama Tumbo. Msimamizi akampa onyo. Angetoka tena, angefukuzwa.

Wakati huo Ildefons, fundi wa mashine mwenye redio, alikuwa akiwasimulia habari za Misri. Wanafunzi wa Kairo walianza kwa kuwatetea Wapalestina katika magazeti ya ukutani. Kisha wakaiuliza serikali yao kuhusu uhuru wa kusema. Mwezi huo huo, Januari 1972, wengi wakakamatwa.

"Walianza na Palestina, jamani waitu," anasema Ildefons, "wakajikuta wamefika nyumbani kwao."

Jumamosi moja wafanyakazi wa kiwanda nao waliandamana kuwaunga mkono Wapalestina. Uwanjani, Ndugu Rutashobya alihutubia. Sauti ilimtetemeka alipowataja akina mama walio kwenye mahema ya wakimbizi, ambao watoto wao hawana maziwa.

"Nani hapa haumii?" akauliza.

Leo Georgina anamnyonyesha Protase akiitazama stoo tupu iliyo kando ya lango. Wanawake wameiomba iwe chumba cha watoto wote, na Ndugu Rutashobya ameahidi kuisafisha. "Nikipita hapo naona kama tayari kuna mikeka," anasema Georgina, na kwa mara ya kwanza anacheka.

Anasema siku ile uwanjani, msimamizi alipouliza, hakukusudia kunyoosha mkono. Ulinyooka tu.

"Mama Tumbo, hata hapa?" mtu alimchokoza. Watu wakaangua kicheko.

Georgina akangoja wanyamaze.

"Mimi naumia, Ndugu Msimamizi. Maziwa ya mwanangu nayamwaga nyuma ya stoo yako. Tumbo haliniumi. Halijawahi kuniuma. Nataka kunyonyesha."