Nyasi za Kereng'ende Wembamba

Marehemu mama yangu aliwahi kunizaba kofi kwa sababu ya ndizi. Alinituma nikakate mshare za kupika, nikarudi na kitarasa, ndizi za aina nyingine, si ndizi ni ndizi? Shule yenyewe niliishia darasa la tatu, lakini kofi lile lilinifundisha kuangalia kitu mara mbili.

Ndiyo maana juzijuzi hapa, bwana mmoja wa chuo alipoanza kuchungulia wadudu wa mfereji wetu, mimi sikumcheka. Mke wangu ndiye alicheka. "Mtu mzima anakimbiza kereng'ende! Kwao hawana kuku?"

Yule bwana alinikalisha ukingoni. "Babu, yule mnene anayetandaza mbawa ni kereng'ende mnayemjua. Huyu mwembamba kama njiti ni ndugu yake. Akitua anazikunja mgongoni. Na macho yake, moja huku, moja kule, hayagusani."

Kweli, mdudu alizifunga mbawa kama mtu anavyofunga kitabu cha nyimbo ibada ikiisha. Kumbe hao wembamba nao wana milango, kama ukoo wetu, naye bwana anawatenganisha kwa mishipa ya mbawa. Mlango mmoja haukunji, unaziacha nusu wazi. Huo ndio alioutafuta miaka, na jike lake alilikuta likitaga kwenye kipande changu cha mfereji.

"Watoto wakitoka hapa, babu, nitajua ni wenyeji, si wapita njia. Nitarudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

Mimi nikajua mayai yako majini, kama ya chura. Na huku kwetu mfereji wenye nyasi ni aibu ya nyumba, sembuse mgeni akija. Ijumaa nikafyeka kingo zote mbili, nikazoa tope, pakang'aa.

Akaja. "Shikamoo babu." Kabla sijaitikia: "Nyasi ziko wapi?"

"Nimempa ng'ombe. Si unaona palivyo safi?"

Akachuchumaa, akapapasa ukingo. "Mayai yalikuwa ndani ya mashina, babu. Jike analitoboa shina, anatia humo."

Mke wangu akamletea maziwa, akanywa amesimama, akasema asante mama, matamu.

"Zitaota, mwanangu," nikamwambia.

"Zitaota, babu."

Akachukua wavu wake, akashuka na njia ya migombani, polepole, bila kugeuka. Hajarudi tena.