Uyoga wa Kichuguuni

Mimi nilizaliwa Maparoni, kwenye matope na mikoko, na chakula nilichokijua utotoni kilitoka majini au kwenye jaruba la mpunga. Uyoga sikuwahi kuula. Kwetu ulikuwa uchafu unaoota kwenye gogo lililooza, na mama yangu akiuona karibu na nyumba aliufagia pamoja na mavi ya kuku. Kisha nikaolewa bara, Ngarambe, na vita vya maji vikanikuta huko hata harusi yangu haijasahauliwa.

Mume wangu aliondoka na wenzake baada ya kunywa ile dawa ya maji, iliyosemwa itazuia risasi. Askari wa Wadachi walipokuja walichoma nyumba, wakachoma na maghala ya mtama, na walichoshindwa kukibeba wakakikanyaga. Wanawake tukahamia msituni. Nilikuwa na mavyaa wangu, mama wa mume wangu, na wifi yangu mwenye watoto wawili wadogo. Tulikula ndiga, kile kiazi cha mwituni kinachoua usipokiloweka sawasawa, mpaka ndiga nazo zikawa za kufuatwa mbali. Mvua za vuli ziliponyesha, mavyaa alisema tumshukuru Mungu, uyoga umetoka. Asubuhi moja tuliwaacha watoto kwa jirani, akatuchukua kwenda kutufundisha.

Alitangulia na fimbo, akifukua majani yaliyolowa chini ya miombo. Kila mara alisimama akatuonyesha: huu mwekundu usiuguse, huu unaotoa maziwa ukiuvunja uache, huu mweusi chini yake ni mzuri. Tulipomuuliza atajuaje mtu akisahau yote hayo, alijibu kwa ufupi.

"Funza akiukataa, na wewe ukatae."

Akachuma mmoja, akaupasua. Ndani funza walikuwa wakijinyonganyonga, weupe, wengi. Akawapangusa kwa ukucha, akaumega ule uyoga akautafuna mbichi. Mimi nilitazama pembeni. Nilipewa wa kwangu nikaushika, ukawa baridi na wenye utelezi kama konokono aliyetolewa kwenye nyumba yake. Nikautia kwenye pakacha, nikajifuta mkono kwenye kaniki, na ule utelezi haukutoka. Harufu yake ilikuwa ya chumba alimolala mgonjwa.

Tulivuka korongo, tukafika kwenye kichuguu kikubwa. Uyoga ulikuwa umekizunguka chote, mweupe, mpana kama sahani. Wifi alikimbia. Mimi nilisikia harufu nyingine, si kali, kama ngozi ya mbuzi iliyonyeshewa, ndipo nikaona kipande cha nguo na mbavu za mtu juu yake.

Walikuwa wapiganaji wa upande wetu, wale waliokunywa maji. Nadhani walijificha nyuma ya kichuguu risasi zilipoanza. Fisi walikuwa wamewavuruga, huwezi kujua mguu ni wa nani. Mmoja bado alikuwa na kamba yenye kipande cha bua la mtama, ile waliyovaa shingoni wakiamini itawakinga. Uyoga ulikuwa umepenya katikati ya nguo zao.

Wifi alirudi nyuma. Mavyaa hakurudi. Alijifunga kaniki puani, akachuchumaa, akaanza kuyageuza mafuvu kwa fimbo, moja baada ya jingine, akitazama meno. Mume wangu alikuwa na jino la mbele lililomeguka tangu utotoni. Jongoo alitoka kwenye taya la mmoja wao, mavyaa akamsukuma kando, akaendelea. Mwishowe akasimama.

"Wetu hayumo," alisema.

Nilisikia furaha ikinipanda, kisha furaha ile ikanitia kinyaa kuliko mifupa. Hawa nao walikuwa na mama zao.

Hatukuwa na jembe. Tulivunja matawi tukawafunika, mavyaa akawasomea Fatiha. Nilidhani sasa tutaondoka. Lakini wifi alikuwa amesimama na pakacha lake, macho kwenye uyoga, na mavyaa naye alikuwa akiutazama. Nilimngoja aseme ni haramu. Badala yake alituambia tuchume ule wa upande wa pili, usiogusana na nguo.

"Mama, udongo ni ule ule," nikamwambia.

Hakukasirika. "Najua ni ule ule. Chuma."

Uyoga ule una mzizi mrefu, unashuka ndani kabisa ya kichuguu. Kila nilipouvuta ulitoka kwa sauti ndogo, kama kitu kinachonyonywa, na kila mara nilihofia utakuja na kitu kingine.

Wifi aliupika kwa chumvi ya majivu. Kilichonichukiza zaidi ni kwamba ulinukia vizuri, kama kuku, na mate yalinijaa mdomoni bila ridhaa yangu. Nilikula, kisha nikaziba mdomo kwa mkono. Mavyaa aliona, akaniambia nikatapike mbali, watoto wasinione. Nilikwenda, nikatapika. Kisha nikarudi nikala tena, maana njaa ilikuwa palepale.

Kesho yake wifi alirudi kule kichuguuni peke yake. Akaja na pakacha limejaa, tukala.

Hakuna aliyeugua. Watoto wake waliivuka njaa ile. Mume wangu alirudi masika yalipokaribia, akitokea njia ya Kibiti. Askari walikuwa wamemkamata na kumbebesha mizigo, shingo imechubuka kwa kamba. Alipotuuliza tuliishi kwa kula nini, mama yake alimjibu kwamba Mungu alitulisha.

Baadaye wanaume waliizika ile mifupa, yote katika mkeka mmoja. Wakaanza kuja wanawake wa vijiji vingine, wakiulizia waume na watoto wao. Mavyaa aliwaeleza meno aliyoyaona: mmoja alikuwa na mwanya, mmoja amechongwa meno. Mama mmoja aliposikia la mwanya alikaa chini palepale. Tulimpa uji, hakuunywa.

Wifi na mimi tuliishi jirani mpaka tukawa wazee. Tulizungumza kila kitu, waume, mavuno, maradhi, ila siku ile hatukuitaja. Sikuwahi kumlaumu. Lakini aliponikaribisha chakula nilikuwa na sababu, leo nimefunga, leo nimeshiba, na yeye hakunilazimisha.