Madam Alivyonifunga Kidonda

Kitana cha chuma kikimponyoka mtu kinakugonga, kinakuunguza kidogo, halafu kinaenda zake sakafuni. Cha Madam kilikaa. Kilikaa kwenye mkono wangu wa kushoto, pale kati ya kidole gumba na cha shahada, hadi nikasikia harufu ya ngozi kabla sijasikia maumivu. Kwa hiyo mtu akiniambia ile ilikuwa ajali, namwuliza kama amewahi kushika kitana cha moto maishani mwake.

Madam alikuwa na saluni Kawangware, chumba cha mabati chenye vioo viwili na jiko la makaa mlangoni. Kwenye jiko hilo tulipasha vitana vya kunyooshea nywele, na sufuria ya maji ya kuchovya ncha za rasta. Mimi nilikuwa msusi wake. Nilikuwa na miaka ishirini, na kila asubuhi nilitoka kwetu Soweto East, Kibera, nikavuka Ngong Road kwa miguu. Nilikuwa na mkono mwepesi. Sijisifu, nasema ilivyokuwa. Madam alikuwa anavuta nywele hadi mtu anatoka pale macho yamepanda juu, na wateja walikuwa wameanza kuuliza zamu yangu ni lini.

Siku hiyo mteja mmoja, mwalimu aliyekuwa anajiandaa kwa harusi ya dada yake, alimwona Madam anamjia na kitana akainua mkono. "Pole Madam, mimi nangojea huyu msichana. Wewe unavuta mtu kama ng'ombe." Saluni nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, na hilo sikulisema popote baadaye. Mkono wangu ulikuwa juu ya mgongo wa kiti. Madam akageuka.

"Ai! Pole," akasema. "Na wewe si utoe mkono kwa njia."

Kisha akachota mafuta ya kijani ya nywele, akanipaka juu ya kidonda mbele ya watu wote, kama mtu anayejali. "Hiyo itapoa tu. Rudi kazini."

Sikurudi kazini. Nilienda nyumbani nimeushikilia mkono juu njia nzima, na kila hatua nilimwapiza.

Mama hakuniuliza kitu. Alinikalisha mlangoni, akafungua mtungi wa lita ishirini aliokuwa ameupangia foleni asubuhi, akamimina maji juu ya mkono wangu polepole hadi mtungi ukaisha. Majirani walishangaa kuona maji yale yakiingia mtaroni. Mmoja alileta dawa ya meno, mwingine akasema kwao wanapaka unga, wa tatu akajitolea kumnyoa sungura wake, maana manyoya ya sungura yanajulikana kwa kuponya moto. Mama aliwashukuru wote akawafungia mlango. Akamwita nesi aliyekuwa mpangaji mwenzetu.

Nesi aliyapangusa yale mafuta ya kijani huku akitukana kimoyomoyo. Nilimwona midomo. Alisema mafuta yanafungia moto ndani, maji yangetangulia palepale saluni. Halafu akachana pakiti bapa, akatoa kipande cha shashi chenye matundu kama wavu, kilicholowa dawa nzito ya manjano, kimebanwa katikati ya karatasi mbili. Aliondoa karatasi ya chini, akakilaza juu ya kidonda, akaondoa ya juu, akafunika kwa shashi kavu na bandeji. Kilikuwa baridi. Ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Si kubwa," alimwambia Mama. "Mtafungia hapa nyumbani. Kila siku ya tatu mbadilishe. Kama imeshikana, loweka na maji ya chumvi yaliyochemshwa. Msivute! Mkivuta mnang'oa ngozi mpya. Wiki mbili, tatu, atakuwa sawa."

Hesabu hiyo niliihitaji sana. Tulikuwa mwanzoni mwa Novemba, na Disemba ndiyo mavuno ya msusi, kila mwanamke anataka kwenda nyumbani magharibi na kichwa kipya. Tena kulikuwa na mama mwingine Kawangware aliyekuwa anafungua saluni ya vioo sita na draya za kukaushia nywele. Alikuwa ameniahidi kiti changu mwenyewe. "Disemba ikianza nakutaka hapa," aliniambia aliposikia habari, "lakini na mikono yote miwili. Ukikosa, nitaweka mwingine."

Sasa, Madam alikuwa anaishi mtaa wa Olympic, nyumba ya mawe yenye geti, lakini Jumapili alisali nasi, na alikuwa kwenye kikundi kimoja cha akina mama na Mama yangu. Mama alipeleka kesi hapo. Tulikaa kwenye mabenchi baada ya ibada. Madam akaapa kwamba hakuniona. Nami nikaapa kwamba aliniona. Mwenyekiti, mama mzee aliyelea wajukuu saba na hakuwa na muda wa kupoteza, alitusikiliza huku akichambua mboga zake kwenye kanga.

"Kusudi ama ajali, Mungu ndiye anajua," akasema. "Sisi tunajua mkono ni wa nani ulichoma. Huo mkono ndio utafunga. Madam, kila siku ya tatu utaenda kwa huyu mtoto, na dawa yako, umfunge mpaka ngozi ifunike. Hakuna kutuma mtu."

Nilitaka waseme ni kusudi, nilitaka wamtoe kwenye kikundi, nilitaka mengi. Lakini nilipomfikiria akishuka kutoka Olympic na viatu vyake vya kisigino, akipita mitaro yote hadi kwetu Soweto East, niliona hukumu ile ina utamu wake.

Na ilikuwa tamu kweli. Siku ya kwanza alifika na tope hadi kwenye vifundo vya miguu, pakiti ya dawa ameishika kwa vidole viwili. Mlango wetu ni mfupi na mwanga unaingia chini, kwa hiyo ilibidi apige magoti. Majirani walikuwa wamepata shughuli za ghafla nje ya mlango wetu: huyu anaosha sufuria safi, yule anatafuta kuku asiye naye. Madam aliosha mikono kwa sabuni ya kipande, Mama akimmiminia maji. Akalaza shashi juu ya kidonda pamoja na karatasi yake.

"Madam," nikasema kwa sauti ya kusikika hadi nje, "karatasi inatoka. Pande zote mbili."

Akaitoa, akaanza upya. Sijawahi kufurahia Krismasi nilivyofurahia siku ile.

Alikuja tena, na tena. Alijifunza haraka, lazima niseme. Mara ya nne shashi ilitoka yenyewe bila kushika, na chini yake ngozi ilikuwa changa, ya waridi, imeshaingia kutoka pembeni hadi karibu na katikati. Madam akatabasamu. "Sasa hii imekubali. Mara mbili tu hivi, tumemaliza."

Tumemaliza! Mtu ananichoma mbele ya watu, anapiga magoti mara sita, halafu tumemaliza. Nilimtazama akifunga mkoba wake, nikahisi hasira mpya kabisa, mbichi kuliko ya siku ya kitana. Alipoondoka nilienda bafuni, kile chumba cha mabati nyuma ya ploti yetu ya wapangaji, nikafungua bandeji. Niliuweka mkono kwenye jua lililopenya juu, shashi ikakauka dawa yake yote, ikashikamana na nyama. Kisha nikafunga tena kama alivyofunga yeye.

Siku ya tatu alipoiinua ilivuta damu. Nilipiga yowe ambalo nadhani lilisikika hadi mtaa wa Makina. Majirani wote walikuja. "Huyu mama anamuua mtoto wa watu," mmoja akasema, na Madam akawa mdogo pale sakafuni, anaomba maji ya chumvi, anasema pole, pole, pole. Nilizikusanya pole zake zote.

Baada ya hapo sikungoja hata jua. Nilitumia kucha. Nilikuwa na kucha ndefu ya kidole cha kati mkono wa kulia, ya kugawia nywele mistari, na niliitumia kufungua kile ambacho ngozi ilikuwa imefunga. Iliniuma, na kila ilipouma nilifikiria Madam akifunga saluni mapema, wateja wakimkimbia, kisigino kikizama kwenye tope la Kibera. Nilijua Disemba inakuja, na kile kiti nilikuwa nakiona hadi ndotoni. Kila mara nilijiambia hii ndiyo ya mwisho, akija mara moja zaidi inatosha, nitaacha nipone.

Kitu ambacho sikukipangia ni Mama. Mama alianza kumwekea Madam chai. Mwanzoni ilikuwa adabu tu, mgeni hatoki na koo kavu. Lakini Madam naye akaanza kuleta machungwa, na siku moja nilitoka bafuni nikawakuta wanacheka, Mama ameshika mbavu. Walikuwa wanaongea habari za wakwe. Usiku Mama akaniambia, "Huyu mama moyo wake si mbaya vile. Na ana mkono mzuri wa kufunga." Nilitaka kurusha kikombe. Mimi namwaga damu ili yeye ateseke, na wao wamepata urafiki!

Wiki ya mwisho ya Novemba alikuja wakati Mama ametoka kununua mafuta ya taa. Tulikuwa wawili tu. Alifungua bandeji, akalowesha, akainua shashi taratibu. Kisha akaugeuza mkono wangu kuelekea mwanga wa mlangoni, akauangalia kwa karibu. Kwenye ile nyama kulikuwa na alama ndogo zilizopinda, tatu au nne, zimepangana. Akauchukua mkono wangu wa kulia, akakileta kile kidole cha kati, akaiweka kucha juu ya alama moja bila kuibonyeza. Ilikaa sawasawa.

Nilingoja apige kelele. Nilingoja aite majirani, na walikuwa palepale nje.

"Mimi nilikuchoma mara moja," akasema polepole. "Tena ilikuwa kusudi. Si hiyo ndiyo umekuwa ukitaka kusikia? Kusudi kabisa, na nimejuta. Lakini mara moja. Hizi zingine ni zako."

Maneno niliyoyataka mwezi mzima hayo hapo. Ningeyapata kwenye kikao ningeruka juu. Sasa nilikuwa nimeyapata peke yangu, bila shahidi, na nikithubutu kuyapeleka kwa mwenyekiti, Madam angesema tu, haya, fungua mkono watu waone. Madam akatoa shashi mpya, akaondoa karatasi pande zote mbili, akaifunga vizuri kuliko siku zote. Mama aliporudi walikunywa chai. Madam hakumwambia neno juu ya kucha. Akatoka akisema, "Nitakuja Jumamosi," na Jumamosi akaja.

Niliikata ile kucha jioni hiyohiyo. Ngozi ilifunika katikati ya Disemba, lakini haikuwa ile ya waridi iliyokuwa imeanza. Ilikuwa nene, imekunjamana, imevuta kidole gumba kuelekea kiganjani, na mpaka leo hakifunguki chote. Ukisuka, mkono wa kushoto ndio unaoshika fungu la nywele, na fungu linashikwa na gumba. Kile kiti kilikuwa kimepata mwenyewe tangu tarehe ya kwanza. Nilipita mara moja nikamwona kwa kioo, msichana mdogo, anavuta nywele za watu bila huruma. Nikaenda kuuza mitumba na mikono yangu miwili.

Nesi aliuangalia ule mkono, akashangaa. "Kidonda kidogo hivi, mbona kimekuwa na ukaidi?" Mama akajibu kwamba mtoto wake ana damu mbaya ya kupona, alizaliwa hivyo. Kuna methali ya mwiba wa kujidunga na nani wa kukuambia pole, kila mtu anaijua, na mimi ilinikaa kooni.

Jumapili ya mwisho ya mwaka mwenyekiti alimsimamisha Madam mbele ya akina mama. Alisema huyu ndiye mfano wa toba, mtu aliyetarajiwa kuja wiki mbili, tatu, akaja mwezi na nusu, mvua ikinyesha, bila kulalamika. Kisha akaniita. "Simama, mtoto wangu, tuone Mungu alivyokuponya kwa mkono wa dada yetu."

Nilisimama. Nilikuwa na ukweli wote mdomoni, wake na wangu, na mmoja haungetoka bila kuvuta mwingine. Mama alikuwa benchi la mbele, macho yamejaa machozi ya furaha. Nikainua mkono juu, vidole vinne vimenyooka na gumba limelala. Wakapiga makofi. Madam alipiga kwa nguvu kuliko wote, huku akinitazama usoni, mpaka nilipokaa.