Jina Nililoliruka

Enzi za Mwingereza nilifundisha darasa la kwanza katika shule ya misheni, Kimandolu, na kipindi nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha nyimbo. Watoto wanasimama duara, mimi naimba, "Nani aingie?" kisha nataja jina. Mwenye jina anaruka katikati, anapiga makofi kwa mapigo yake mwenyewe, wenzake wanayarudisha vilevile. Akikosea anachekwa, basi, mchezo unaendelea. Nilijiona fundi kweli.

Mwaka mmoja akaletwa binti mwenye jina la mama mkwe wangu. Lo! Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu, kwa Wameru, nikaonywa mapema: mke halitamki jina la mkwewe, hata akiwa nalo mtu mwingine. Na nyumba ya mama mkwe ilikuwa ng'ambo ya mfereji, sauti yangu inafika. Darasani nilimwita yule binti "wewe mtoto." Kwenye wimbo "wewe mtoto" haikai. Nikawa namruka.

Kila kipindi alikunja mikono ya gauni, tayari. Nikifika kwake namgeukia wa pili. Mwanzoni wenzake walimtazama, baadaye wakazoea. Nami nikazoea, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Ningewaachia watoto wataje majina wenyewe, kuna ugumu gani? Wala wazo hilo halikunijia. Akili yote ilikuwa kwa mkwe, asije akasema sina adabu.

Jumatatu moja akanifuata mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mama amenipa jina jingine. Nilimwambia hili nililorithi kwa bibi yangu ni baya, haliimbiki."

Akanitajia hilo jipya polepole, nisije nikalikosea. Nilitamani ardhi inimeze. Nikaliimba siku hiyohiyo, naye akaingia katikati mbio, akapiga makofi vizuri tu, wenzake wakamrudishia. Sikuweza kumtazama usoni.

Jioni nilimpelekea mama mkwe maziwa. Akanikaribisha, akaniuliza habari za shule.

"Na wajina wangu je? Kila siku natega sikio, niwasikie watoto wakiliimba jina langu. Mbona silisikii?"

Nikamwambia, "Mama, shuleni hakuna tena mtoto mwenye jina hilo."