Heshima ya Tumbo

Kwetu Osukuru, nguruwe mwitu akiuawa kwenye mihogo, aliyemchoma mkuki wa kwanza ndiye hupewa tumbo, na mkewe ndiye hulisafisha. Baba hakuwa mtu wa kukosa shabaha, kwa hiyo mama alisafisha matumbo mengi. Akikuta vitoto vya nguruwe ndani, alivitoa kwa mikono mitupu huku majirani wakimwonea wivu.

Majirani haohao ndio waliosema anakula watoto wake. Watu hawana haya. Kabla yangu mama alipoteza mimba tatu. Nyuma ya nyumba, penye migomba, kuna mawe matatu ambayo sikuruhusiwa kuyakalia, na hadi leo nikipita hapo jioni nywele hunisimama.

Mwaka huu nami nikashika mimba, na mume wangu, tuliyejenga naye jirani na mama, akapewa tumbo lake la kwanza. Nililisafisha kwa majivuno. Baadaye ikaja homa: asubuhi naamka mzima, jioni nawaka, shuka limelowa jasho. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mama hakunisogelea, kana kwamba maneno ya majirani yalikuwa kweli. Alinipikia uji akauacha mlangoni, na niliuchukia woga wake kuliko homa yenyewe.

Nikamlazimisha anisindikize kliniki Busia, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, alipima damu akauliza kama nimeshika nguruwe. Nikamweleza habari ya tumbo. Akasema kuna bakteria wanaokaa kwenye kizazi cha mnyama. Huingia kwa mchubuko wa mkono, huleta homa ya kwenda na kurudi, na wakati mwingine huharibu mimba.

"Tumewahi," akasema. "Mtoto bado anacheza. Meza dawa zote."

Mama, aliyeketi kwenye benchi, akainua kichwa. "Dakitari, hii kitu hata zamani ilikuwa?"

"Ilikuwepo, mama. Ila zamani nani angepima?"

Tukarudi nyumbani. Tulipofika mama aliupita mlango wake, akaenda moja kwa moja kwenye migomba na kuchuchumaa mbele ya mawe. Nikamsikia akiyaambia kwa lugha yetu, taratibu, kama anayebembeleza: "Sikuwala. Mmesikia? Sikuwala."

Nilimfuata nimshike bega. Akashtuka, akaificha mikono yake kwapani.

"Usiniguse," akasema. "Ni mikono hii."