Upande wa Kulia wa Okestra

Nimefanya kazi nyingi na hakuna iliyonidumu. Nimevuna zabibu Hombolo, nimechimba vito kaskazini nisivipate, nimepaka rangi nyumba za watu. Kazi niliyoifanya vibaya kuliko zote ndiyo niliyojisifia zaidi: kurekodi kanda.

Ilikuwa miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa na redio kaseti za Uarabuni zikajaa madukani. Bosi wangu alikuwa na kibanda cha mabati karibu na soko, Dodoma mjini. Mteja analeta kanda tupu, anachagua nyimbo, jioni anachukua mzigo wake. Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini sikuona chombo nisitake kukifungua nione ndani kuna nini. Nikawa fundi.

Waya wa kutoa sauti kwenye gramafoni kwenda kwenye deki ya kurekodia ulikuwa na pini mbili, nyeupe na nyekundu. Nyekundu ilikatika kabla sijaajiriwa. Bosi hakuhangaika kutafuta nyingine. Aliugawa ule waya mweupe ukalisha njia zote mbili za sauti. Muziki wetu wa dansi ulirekodiwa sauti moja, ile ile kushoto na kulia, kwa hiyo hakuna kilichopotea na hakuna mteja aliyelalamika. Nikajua hivyo ndivyo inavyofanywa.

Siku moja akaja mzee na mkokoteni. Juu yake kulikuwa na gramafoni na kreti mbili za santuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Unaweza kuhamisha hizi ziingie kwenye kanda? Zote?"

Alikuwa mhandisi, amesomea Urusi. Ofisi yake ilikuwa imepunguza watu, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Nyumba ya serikali aliyokaa mtaa wa Kikuyu alitakiwa kuiacha kabla ya mwezi kwisha. Alikuwa na kiwanja Nzuguni, nje ya mji, na siku hizo Nzuguni ilikuwa mashamba na vichaka, nguzo za umeme hazijafika. Gramafoni ingemfaa nini huko? Redio ya betri ingemwezesha kusikiliza kanda. Ndiyo maana alikuja.

Nilizipenda zile santuri hata kabla ya kuzisikia, kwa sababu ya majalada. Moja lilikuwa na msitu wa miti myeupe, na pembeni maandishi nisiyoyaelewa. Mzee akanionyesha kwa kidole.

"Hii unayoiona C ni S. Hii P ni R. Soma sasa."

"Stereo."

"Umeshakuwa Mrusi," akasema.

Nilitamba na neno lile wiki mbili. Nililisoma kwenye kila jalada, nikawasomea na wauza mitumba. Sikujiuliza linadai nini kwangu.

Akanieleza kwamba wanafunzi walipewa viti vya bei ndogo ukumbini, pembeni kabisa upande wa kulia, karibu na fidla kubwa zile zinazoshikwa kati ya magoti, na nyingine kubwa zaidi za kupigwa kwa kusimama. "Wenzangu walikuwa wakisikiliza fidla ndogo za kule kushoto. Mimi nilisikiliza hizi. Zilikuwa zinatikisa kiti. Nikisikia hizo, nipo kule tena, nina miaka ishirini na mbili. Basi hizo zisinipotee."

"Hazipotei, mzee."

Nilirekodi wiki mbili, spika moja ya kibanda ikitazama njia. Watu walipita wakisimama.

"Nani amekufa?" muuza nyanya aliniuliza.

"Hajafa mtu. Ni Warusi."

"Basi waambie wazike haraka, wateja wangu wanakimbia."

Kulikuwa na santuri moja, ile ya msitu, yenye mahali fidla zinakoma na kinabaki kimya, na ndani ya kimya kitu hafifu kama majirani wanaongea nyuma ya ukuta. Niliamini mtunzi aliandika kimya kile kwa makusudi. Niliacha kazi nyingine nikakingoja kila mara. Nilidhani nimeelewa kitu ambacho watu wa sokoni hawakielewi.

Mzee alipofuata kanda zake akauliza, "Yote imeingia?"

"Yote, mzee."

Gramafoni alimwachia bosi kuwa malipo. Santuri akaniachia mimi. "Zihifadhi. Akitokea anayezitaka, mpe." Nikazipanga kwenye rafu ya juu, chini ya bati. Mwezi uliofuata nikasikia habari za vito, nikaondoka bila kumuaga mtu.

Nilirudi baada ya miaka saba, mikono mitupu, nikapata kazi ya kupaka rangi nyumba ya mtumishi mmoja wa Bunge. Sebuleni alikuwa na redio ya CD yenye spika mbili ndefu, na katika rundo la CD nikaona ule msitu wa miti myeupe, umepunguzwa ukawa mdogo kama kiganja.

"Hii ni stereo," nikasema.

"Fundi rangi unasoma Kirusi?"

"Neno moja tu, mheshimiwa."

Akacheka. Alisema ni rekodi za zamani, siku hizi zinasafishwa na kutolewa upya huko nje. Akaiweka. Nilisimama katikati ya spika zile, brashi mkononi. Kushoto zilitoka fidla zangu, nazijua kama njia ya kwetu. Kulia wakatoka watu nisiowajua. Tulipofika kwenye kile kimya, hapakuwa na kimya. Fidla kubwa ziliingia, wimbo wote ukawa wao, na sakafu ilitetemeka chini ya ndala zangu.

Kwanza nilifikiri hao wa huko nje wamejiongezea. Halafu nikaikumbuka pini nyekundu iliyokatika, ile ya sauti za kulia.

Wiki nzima nilimwomba aniachie ile CD icheze nikipaka, mpaka nikaishika kichwani. Jumapili nikaenda Nzuguni kwa miguu, nikauliza njia.

Mzee alikuwa kibarazani, amekonda, meno machache. Redio ilikuwa kwenye kigoda kando yake na kanda zimepangwa katika sanduku, kila moja ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mzee, nimekuja kukuambia jambo. Zile kanda..."

"Zina upande mmoja," akasema. "Nilijua wiki ya kwanza."

"Mbona hukurudi?"

"Nilirudi, kuhama kulipokwisha. Nikaambiwa umekwenda machimboni. Santuri zilikuwa zimepinda kwa joto la bati, na bosi wako amezipigilia misumari mbele ya kibanda, pambo. Ningemwambia nini?"

Nikamwambia zimetolewa upya, kwenye CD.

"CD inatumia betri ngapi?" akauliza, na hakungoja nijibu. Nguzo zilikuwa hazijafika bado. "Kaa. Mimi nimeshajitengenezea."

Akabonyeza redio. Fidla za kushoto zikalia zenyewe, nyembamba, na mzee akaanza kuguna kwa sauti nzito iliyokwaruza, akiimba zile kubwa alizozikosa. Mahali pa kimya aliongeza sauti, akafumba macho, akapiga goti kwa kiganja.

Haikuwa yenyewe. Palipotakiwa kushuka alipanda, na mwisho wake ulikuwa wimbo mwingine kabisa. Miaka saba ya kuimba bila kusahihishwa na mtu ilikuwa imeufuta ule wa kweli, na mimi nilikuwa nao kichwani, mpya, nimeupata bure nikipaka ukuta wa mtu.

Alipomaliza akafungua macho. "Wewe umeisikia hiyo CD. Ndivyo zinavyokwenda, au siyo?"

"Ndivyo, mzee. Hivyo hivyo."

"Nilijua," akasema, akageuza kanda.