Nafasi Ipo, Lakini Imetawanyika

Nilipoajiriwa Toronto, katikati ya miaka ya elfu mbili, nilikuwa mjamzito na mgeni wa kila kitu. Kampuni yetu ilitengeneza vifaa vya kuunganisha kompyuta za maofisini. Mimi nilipewa sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, ile inayozigawia programu nafasi ya memori.

Kulikuwa na ugonjwa uliotusumbua. Kifaa kikikaa muda mrefu bila kuzimwa, siku moja kinaombwa kipande kikubwa cha memori, kinakosa, kinaganda. Ukipima, memori tupu ipo tele. Mchana mmoja nikajikuta nasema kwa sauti, kama niko jikoni kwangu, mtaa wa Rexdale:

"Jamani, si nafasi hii hapa?"

"Ipo," sauti ikajibu nyuma yangu, kwa Kiswahili. "Lakini imetawanyika."

Alikuwa mhandisi mzee wa meza ya dirishani, Mgoa, mwenye asili ya Goa kule India, ambaye siku zote tulisalimiana kwa Kiingereza. Kumbe kazaliwa Mombasa. Nilisimama na tumbo langu, nikasema, "Shikamoo."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Marahaba, mwanangu. Miaka mingi sijaamkiwa hivyo."

Tangu hapo akawa anavuta kiti chake mezani kwangu. Kiswahili chake kilikuwa kimeshika kutu, lakini alikataa nimsaidie maneno. Mkewe naye akaanza kunifungia mahamri na mbaazi za nazi, maana alisikia nimechoka na chakula cha kantini.

Siku moja alinieleza tatizo kwa mfano wa kanisa lake. "Familia kubwa imeingia, inataka kukaa pamoja. Viti vitupu vipo, kimoja huku, kimoja kule. Vijana utawaomba wasogee. Lakini bibi mwenye mkongojo hasogei, na amekaa katikati ya benchi."

"Basi mabibi tuwape mabenchi yao," nikasema.

Alinitazama, akacheka mpaka akakohoa. Ndicho tulichofanya. Data inayoweza kuhamishwa tukaiweka upande wake, na ile ya mfumo wenyewe, isiyohamishika, tukaikusanya upande mwingine.

Jaribio la kwanza lilishindwa. Upande mmoja ukijaa, ulikopa vijisehemu vidogo vidogo kwa mwenzake, na vurugu ikarudi pale pale. Nililia chooni, na hadi leo sijui kama nililia kwa sababu ya kazi au ya mimba. Niliporudi, macho yamevimba, mzee alisukuma kikombe cha chai mbele yangu.

"Ukikopa, kopa benchi zima," akasema polepole. "Bibi mmoja akianza kujipenyeza kati ya vijana, tumekwisha."

Tukaandika upya. Kifaa kikawashwa kwa majaribio, na mimi nikaenda likizo ya uzazi. Binti yangu alizaliwa theluji ikianguka. Mama yangu alikuwa Morogoro, hakupata viza. Nilikuwa nyumbani na mtoto kifuani simu ilipolia.

"Mama, kimekubali!" mzee akasema. "Tumekiomba vipande vikubwa, kinatoa tu. Na mtoto je?"

"Analia, baba."

"Mwache alie, nimsikie."

Wikendi ile walikuja, yeye na mkewe, kwa basi la barabara ya Kipling, na sufuria ya uji wa pilipili manga. Mkewe alinikanda mgongo. Yeye alimpakata mtoto karibu na dirisha, akimnong'oneza Kiswahili chake cha kubabaisha, na hakutaka kumtoa.

Alistaafu mwaka uliofuata, lakini hatukuachana. Binti yangu amekua kama watoto wengi wa huku: namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Kwa mzee tu, anayemwita Babu, ndipo hawezi. Akimwambia jambo kwa Kiingereza, mzee huweka mkono sikioni, hutikisa kichwa, eti uzee umeziba masikio. Mtoto hucheka, huvuta pumzi, na kuanza upya.